Kijitabu cha mfongo kilichopewa sifuri

SWALI

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mhadhiri katika chuo kimoja hapa Moshi. Kwa miaka minne nimekuwa nikipima maji ya mifongo mitatu, ile mifereji ya jadi ya kumwagilia mashamba, upande wa Kibosho pamoja na kamati ya mfongo na wazee wake. Tumetoa kijitabu cha Kiswahili cha kurasa 32 kuhusu kugawana zamu za maji wakati wa kiangazi, na sasa zamu zinapangwa kwa kukifuata. Nina makala moja kwenye jarida la hapa nchini, na nyingine nje ya nchi nikiwa mwandishi wa nne. Nimeomba kupanda kuwa mhadhiri mwandamizi, jalada limerudi: kijitabu sifuri, makala ya nchini nusu pointi. Nasikia Ulaya wameachana na habari za impakti fakta, ile namba ya kupimia hadhi ya jarida, ni kweli? Tena kuna jarida limeniandikia kwamba litanichapishia ndani ya siku tano kwa dola 150, na mwenzangu amepandia humo humo. Niendelee na mifongo, au niiache nikaandike makala?

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa jalada kurudi. Kabla ya kujibu nilikisoma kwanza kijitabu ulichoambatisha, chote. Ukurasa wa 14 ulinishika. Kuna mchoro wa kipande cha mgomba kinachoelea kati ya vijiti viwili vilivyoachana mita kumi, na mtoto ameshika simu anahesabu sekunde. Chini yake mmeeleza, kwa maneno ambayo mzee yeyote wa mfongo anayaelewa, kwa nini jibu lizidishwe kwa 0.85: maji ya juu hukimbia kuliko yale ya chini yanayosuguana na udongo. Nimeona jambo hilo likielezwa ovyo katika makala zilizopewa pointi kamili. Nimeanza na hili ili ujue kwamba anayekujibu amekisoma. Kwa barua yako ilivyo, nina wasiwasi kwamba waliokipa sifuri hawakukifungua.

Nasema hivyo kwa sababu nami nimekaa upande ule wa meza. Mimi ni mkutubi. Nimefanya kazi katika maktaba za vyuo kwa zaidi ya miaka thelathini, na kwa miaka tisa nilikuwa kwenye kamati ya kupandisha vyeo ya chuo kimoja. Majalada yaliletwa asubuhi ya kikao, kumi na mawili, siku nyingine kumi na matano. Karatasi ya juu ya kila jalada ilikuwa na jedwali: jina la makala, jina la jarida, idadi ya waandishi, pointi. Tulisoma jedwali. Makala zenyewe zilikuwa nyuma, zimetobolewa na kufungwa uzi, na mara nyingi uzi ule ulirudi masjala haujafunguliwa. Jarida likiwa na impakti fakta ya kuridhisha, tulipita haraka. Likiwa la Dar es Salaam au Nairobi, kuna mtu angeuliza, “Hili nalo ni jarida?” Nami nilikuwa miongoni mwa waliotazama jedwali wakaridhika. Najuta, na ndiyo maana nakuandikia kwa urefu.

Impakti fakta ilitengenezwa kwa ajili yangu mimi mkutubi, haikutengenezwa kwa ajili yako. Mwaka 1955 Eugene Garfield wa Philadelphia, Marekani, alitoa wazo la kufuatilia makala ipi inanukuu ipi, na miaka ya 1960 taasisi yake ikaanza kuchapisha faharasa kubwa ya manukuu ya sayansi. Majarida yalikuwa mengi, hayawezi kuingia yote, hivyo ikahitajika njia ya kuyachagua. Baadaye wakutubi wenye bajeti finyu tukaitumia njia hiyo hiyo kuamua tununue lipi na tuache lipi. Hesabu yake ni nyepesi: chukua makala ambazo jarida limechapisha katika miaka miwili iliyopita, hesabu zimenukuliwa mara ngapi mwaka huu, kisha gawanya kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida. Kwa mtu anayenunua jarida zima, wastani unasaidia.

Kwa mtu anayepima makala moja, wastani unapotosha. Chukua banda la ng'ombe kumi kule Machame. Mmoja anatoa lita 20 kwa siku, tisa waliobaki wanatoa lita moja moja. Wastani wa banda ni lita 2.9. Akija mteja ukamwambia kila ng'ombe humu anatoa karibu lita tatu, umemdanganya kabisa, maana hakuna hata mmoja anayetoa lita tatu. Manukuu ya majarida ndivyo yalivyo. Makala chache hubeba jarida zima, na nyingi hunukuliwa kidogo au haziguswi kabisa. Mhadhiri aliyepewa pointi kwa wastani wa banda amepimwa kwa maziwa ya ng'ombe wa jirani.

Halafu kuna ile miaka miwili. Biolojia ya seli hunukuliwa upesi, kwa hiyo majarida yake huwa na namba kubwa. Elimu ya maji, kilimo, historia na isimu huchelewa kunukuliwa. Mtu anaweza kusoma vipimo vyako vya Kibosho miaka kumi baadaye, ukame ukibana, akavikuta ndivyo pekee vilivyopo. Namba hiyo haina pa kuliweka jambo hilo. Kile kipimo kingine wanachokiita h-indeksi, alichokipendekeza mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, angalau kinamtazama mtu badala ya jarida, ila nacho humpendelea aliyeanza zamani na aliye kwenye fani yenye watu wengi. Sitakaa hapo.

Sasa swali lako la kwanza. Ni kweli kwamba wameachana nayo? Wachache wameachana nayo, wengi wameahidi, na tofauti kati ya hao wawili ni kubwa.

Mwanzo wake ni Desemba 2012, San Francisco, kwenye mkutano wa chama cha Marekani cha wanabiolojia ya seli. Wahariri na wachapishaji waliokutana pale waliandika azimio, likatolewa 2013, na linajulikana kwa kifupi kama DORA. Kiini chake ni sentensi moja: usitumie vipimo vya jarida, kama impakti fakta, badala ya kupima ubora wa makala yenyewe, wala usivitumie kuajiri mtu, kumpandisha cheo au kumpa fedha za utafiti. Ona ni nani waliosema. Hawa walitoka katika fani yenye namba kubwa kuliko karibu fani zote. Wangenyamaza wasingepungukiwa na chochote. Walisema kwa sababu waliona vijana wao wakichagua swali la utafiti kwa kuangalia jarida litakalolikubali.

Mwaka 2015 ikafuata Ilani ya Leiden, kanuni kumi zilizoandikwa na watu ambao kuhesabu manukuu ndiyo kazi yao. Kanuni ya tatu inakuhusu wewe moja kwa moja: linda ubora wa utafiti wenye manufaa mahali unapofanyika. Wanaeleza kwamba ubora ukishafungamanishwa na majarida ya Kiingereza, watafiti wa nchi nyingine huacha maswali ya kwao na kushika maswali yatakayompendeza mhariri wa mbali. Mwaka 2019 Wafini na wenzao walitoa Tamko la Helsinki, linalodai kazi ya kisayansi iliyoandikwa kwa lugha ya nchi isishushwe thamani kwa sababu ya lugha. Novemba 2021 nchi wanachama wa UNESCO zilipitisha pendekezo la sayansi huria, na ndani yake wamo watu wa aina ya wazee wako wa mfongo, wenye maarifa ya jadi. Nakutajia haya ili uwe nayo mkononi. Mjumbe wa kamati anaweza kukupuuza wewe. Kuipuuza UNESCO mbele ya wenzake ni kazi kidogo.

Waliotenda nao wapo. Chuo Kikuu cha Utrecht, Uholanzi, mwaka 2021 kilitangaza kuondoa impakti fakta katika ajira na vyeo. Baadaye kikaacha pia kupeleka takwimu zake kwa Times Higher Education, wapangaji wa orodha ya vyuo bora duniani, na jina lake likatoweka kwenye orodha iliyotoka 2023. Hilo la pili nalihesabu kuwa kubwa kuliko la kwanza. Vyuo vingi vinasaini azimio asubuhi na mchana vinakimbilia nafasi kwenye orodha, ilhali orodha zenyewe zinapimwa kwa manukuu yale yale. Uingereza, inayokagua utafiti wa vyuo vyake tangu 1986, mwaka 2014 iliviagiza vyuo vilete maelezo yenye ushahidi ya utafiti uliobadilisha jambo nje ya chuo. Maelezo hayo yalibeba asilimia 20 ya alama, na katika ukaguzi wa 2021 yakafika asilimia 25. Majopo yao yamekatazwa kutumia impakti fakta, yanasoma. Julai 2022 Ulaya ikatoka na mkataba uliozaa muungano wa CoARA, ambao wanaosaini wanaahidi kupima kwa kusoma kwanza, namba zifuate nyuma.

Lakini somo la China ndilo ningependa lisomwe hapa kwetu. Kwa miaka mingi vyuo vya China vililipa watafiti fedha taslimu kwa kila makala iliyoingia kwenye faharasa ya Garfield, na makala ikitoka katika majarida ya Nature au Science baadhi yao walilipa zaidi ya dola 100,000. Makala zilimiminika. Zikamiminika pia za kununua, zinazotungwa na viwanda vya maandiko na kuuzwa kwa yeyote anayetaka jina lake liwe juu. Februari 2020 serikali yenyewe, kupitia wizara zake za elimu na sayansi, ikaagiza vyuo viache kulipa kwa makala na viache kuiabudu faharasa. Nao uchafu uliokwishaingia kwenye majarida ya dunia haukusafishika kwa agizo. Mwaka 2023 peke yake kampuni ya uchapishaji ya Hindawi, iliyokuwa chini ya Wiley, ilibatilisha makala zaidi ya 8,000.

Sisi tumeanza kwenda njia wanayorudi wenzetu. Wizara yetu ya Elimu imeanza kuwatunuku fedha watafiti wanaochapisha katika majarida ya kimataifa yenye hadhi. Nia ni njema, na waliotunukiwa nawapongeza, wametoka jasho. Ombi langu ni kwamba kando ya tuzo hiyo iwekwe nyingine, yenye fedha zile zile, kwa utafiti ulioonekana kufanya kazi mashambani, hospitalini na madarasani.

Maana tunao. Mkulima wa Lyamungo anayepanda miche chotara ya kahawa inayostahimili chulebuni na kutu ya majani hajui ilitoka kwenye makala gani, lakini anajua ameokoa pesa za dawa. Huku kwetu Arusha maji ya mlima Meru yana floraidi nyingi. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na ukitaka kujua tulivyokipita tazama meno ya watu waliokulia vijiji vya huku, kahawia kama yamepakwa chai. Pale Ngurdoto kuna kituo kilichotafiti namna ya kuiondoa floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Hapa Tengeru, Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio la maji ambalo mwaka 2015 lilimpatia Tuzo ya Afrika ya uhandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ilipotolewa kwa mara ya kwanza. Nikumbukapo lile jedwali letu la kamati najiuliza: chujio lingeandikwa safu ipi? Mche wa kahawa je? Safu hazikuwepo. Tulikuwa na “jarida la kimataifa”, “jarida la nchini”, “sura katika kitabu”, na mwishoni “mengineyo”. Kijitabu chako kilikwenda kwenye mengineyo.

Nikupe mfano mmoja wa hapo hapo juu ya Moshi. Mwaka 1963 mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, akiwahi nafasi kwenye friji, aliingiza mchanganyiko wa aiskrimu ungali moto, nao ukaganda kabla ya ule uliopozwa kwanza. Mwalimu akamwambia amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza swali lile lile Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia aliyetoka Dar es Salaam, wenzake wakacheka. Osborne alirudi akalijaribu. Makala waliyoandika pamoja ilitoka 1969 katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, wakati huo Mpemba akisoma chuo cha wanyamapori pale Mweka. Wanafizikia wanabishania jambo hilo hadi leo, na jina lake limeingia kwenye vitabu vya dunia. Sasa weka jalada hilo mezani kwetu: jarida la walimu, mwandishi wa kwanza mwanafunzi wa wanyamapori, jaribio la friji. Tungeligawia robo pointi na kwenda kunywa chai.

Kuna upande mwingine ambao watetezi wa mageuzi huwa hawapendi kuugusa, nami nitaugusa kwa sababu naishi huku. Namba ziliingia vyuoni mwetu kwa sababu. Nakumbuka enzi kabla ya pointi, mtu alipanda kwa kuwa mkuu wa idara alimpenda, au wametoka kata moja, au walisali kanisa moja. Namba haina mjomba. Wanawake wengi waliokuwa wakipitwa walipanda pointi zilipoanza kuhesabiwa, kwa sababu hesabu haikuweza kubishiwa. Kwa hiyo mtu akiniambia tuzifute namba kesho na tuiachie kamati “itumie busara”, namwambia hapana. Busara isiyoandikwa ni mlango wa kujuana, na katika nchi ambayo fani nzima ina wataalamu wanane, wote tunajuana.

Ninachokitaka ni kigumu zaidi ya kufuta namba. Kazi zisomwe na watu wawili au watatu, mmoja wao angalau awe wa chuo kingine, waandike maoni yao kwa kutaja kurasa, wayasaini, na mwombaji apewe nakala. Mwombaji achague kazi zake tatu au nne bora, zisomwe hizo, badala ya kuleta ishirini zinazohesabiwa. Jambo hili lina gharama, nisikufiche. Ukaguzi wa Waingereza wa 2014 ulikadiriwa kumeza pauni milioni 246. Sisi hatuna pesa hizo wala hatuzihitaji. Chuo kinachopandisha watu thelathini kwa mwaka kinahitaji wasomaji sitini wanaolipwa posho ya heshima kwa siku mbili za kusoma. Posho za vikao vya kutazama jedwali zingetosha kiasi kikubwa.

Nije kwa jarida la siku tano. Mwanangu, usilipe. Mapitio ya wanataaluma wenzako hayawezi kufanyika kwa siku tano; mpitiaji mmoja mzuri huchukua wiki kadhaa kusoma, na mhariri naye ana wengine. Wanachokuuzia ni PDF yenye nembo. Ukishachapisha humo huwezi kuipeleka kazi ile ile kwenye jarida la kweli, kwa hiyo utakuwa umechukua miaka minne ya Kibosho na kuizika kwa dola 150. Najua mwenzako amepanda. Nimeona pia majalada yaliyorudishwa miaka sita baadaye, mtu anaomba uprofesa mshiriki, msomaji wa nje akaandika mstari mmoja tu kuhusu majarida ya kitapeli, na kila kitu kilichokuwa kizuri ndani ya jalada kikatiwa shaka.

Wala usidhani ughali ndiyo dawa. Springer Nature ilipotangaza mwaka 2020 ada ya kuchapisha wazi katika Nature, ilifika euro 9,500 kwa makala moja. Majarida mengi mazuri hayatozi, au husamehe waandishi wa nchi kama yetu ukiomba kabla ya kuwasilisha. Waandikie barua mapema, wala usione haya. Tazama pia majarida ya Afrika yaliyokusanywa na African Journals Online, mkusanyiko wa mtandaoni ulioanza 1998 na wenye makao yake sasa Makhanda, Afrika Kusini. Wabrazili walijenga mkusanyiko wao wa SciELO miaka hiyo hiyo wakisema majarida yao yasisubiri kukubaliwa na Philadelphia ndipo yaaminike, na leo utafiti wao wa kilimo na afya unasomwa bure kwa Kireno. Sisi tuna jarida la nchini, tunalipa nusu pointi, kisha tunashangaa kwa nini waandishi wazuri hawalipelekei kazi. Nusu pointi ile ndiyo inayoliua.

Basi ufanye nini hasa, maana mwongozo wa chuo chako hautabadilika kabla ya kikao kijacho.

Vipimo vyako vya miaka minne ni hazina, na hadi sasa havionekani popote kwenye jalada lako. Viweke katika Zenodo, ghala la data la mtandaoni linaloendeshwa na CERN, kituo cha utafiti wa fizikia kule Uswisi. Ni bure, na utapewa namba ya kudumu ambayo mtu akivitumia atakunukuu nayo. Andika kwa Kiswahili na Kiingereza vilipimwaje, kwa chombo gani, siku zipi mvua iliharibu vipimo. Kabla hujaweka, kaa na kamati ya mfongo mkubaliane nini kiwe wazi na nini kisiwe. Majina ya kaya zinazochelewa zamu hayana sababu ya kwenda Uswisi. Na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani ipo hapo hapo Moshi. Wapelekee nakala kwa barua, nao wakikujibu, barua ya majibu ni ushahidi.

Kutoka kwenye data hiyo andika makala moja uliyoiongoza wewe. Moja tu kwa sasa, lakini iwe nzuri, kuhusu lile ambalo kijitabu kimelionyesha na hakuna aliyelisema: kwamba kipimo cha kipande cha mgomba, kikifanywa na wakulima wenyewe, kinatosha kugawia zamu. Linganisha na vipimo vya chombo chako cha maabara. Mwandishi wa pili awe katibu wa kamati ya mfongo, maana kwa maelezo yako alipima wiki nyingi kuliko wewe. Hapo usibishane na mtu. Kuna mpangilio unaotumiwa na majarida mengi sasa, wenye majukumu 14, unaosema nani alibuni, nani alikusanya data, nani aliandika. Utumie pia kueleza ulifanya nini katika ile makala uliyo mwandishi wa nne. Kama ndiwe uliyepima maji yote, kamati ijue.

Kisha andika ukurasa mmoja, usizidi, uuweke juu ya lile jedwali. Royal Society ya Uingereza ilitoa mwaka 2019 mfano wa wasifu wa masimulizi wenye maswali manne, nami nayapenda kwa sababu hayana ujanja: umeongeza nini katika maarifa, umewakuza watu gani, umewasaidiaje watafiti wenzako, na jamii imepata nini. Jibu kila moja kwa mistari mitano au sita yenye tarehe na mahali. Usiandike “kijitabu kimeleta mafanikio makubwa”. Andika zamu zilikuwaje kabla, zikawaje baada, mfongo upi, kikao cha tarehe ngapi kilipitisha. Ugomvi wa maji uliokuwa ukifika kwa mwenyekiti wa kijiji umepungua? Daftari la malalamiko linasemaje? Kama halisemi, usiseme.

Sambamba na hayo, omba kwa maandishi sababu za sifuri ile, na uliza kama mwongozo unaruhusu kazi kupelekwa kwa msomaji wa nje. Ukiruhusu, omba msomaji wa fani ya maji anayesoma Kiswahili. Fanya hivyo kwa adabu na kwa kupitia mkuu wako wa idara. Barua ya hasira inasomwa kuliko kijitabu, na itabaki kwenye jalada muda mrefu zaidi.

Umeuliza kama uiache mifongo. Kwa umri wako na wa vipimo vyako, ukiacha mwaka huu utavunja mfululizo ambao hakuna atakayeweza kuurudisha; maji ya kiangazi hiki yakishapita, yamepita. Punguza, ukilazimika: kutoka mifongo mitatu hadi mmoja, wapime kina katibu, wewe uandike.

Na ule muhtasari wa kikao cha kamati ya mfongo kilichopitisha zamu mpya, ufuate wiki hii. Upate nakala yenye sahihi za mwenyekiti na katibu, tarehe, na mhuri wa kijiji, nakala mbili, moja ubaki nayo nyumbani. Viongozi hubadilika na madaftari hupotea. Ukimaliza ule ukurasa mmoja niletee niusome kabla haujaingia kwenye jalada. Mchoro wa ukurasa wa 14 uchapishe kwa rangi na uuweke mbele kabisa, juu ya jedwali, mahali ambapo hakuna uzi wa kufungua.